Mhariri, mabeki nao wana majina

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Mimi ni kiongozi wa wageni mlimani, nakaa Pasua hapa Moshi, na kabla ya kuwa kiongozi nilibeba mizigo miaka sita kama mgumu wa kawaida. Ninachotaka kusema kinawahusu mabeki wetu. Lakini itabidi nianzie mbali, kwenye mpira wa Wamarekani, maana huko ndiko ubishi wenyewe ulikoanzia.

Mwaka juzi nilinunua jezi ya mitumba Kiboriloni kwa shilingi elfu saba. Ilikuwa ya zambarau, namba 52 kifuani na mgongoni, pana kiasi cha kuvalika juu ya sweta. Nikapanda nayo njia ya Machame. Pale getini, wakati mizigo inapimwa, mzee mmoja kati ya wageni wangu, mtu wa Baltimore, alinitazama kifuani akasimama. Akaniuliza kama namjua mwenye namba hiyo. Nikamwambia ukweli, simjui, nimeikuta sokoni. Basi kila jioni kwenye hema la chakula, Shira, Barranco, Karanga, yule mzee akawa ananifundisha. Alipanga vikombe vya chai mezani, hivi ni vya wanaoshambulia, hivi ni vya wanaozuia. Nikitoka pale naenda hema la jikoni kumsimulia mpishi wangu, ambaye tumepanda wote miaka kumi na moja. Yeye ni mkubwa kwangu, namwita Meku. Ubishi wetu ulianzia hapo, kati ya majiko mawili ya gesi, na mpaka leo haujaisha.

Kwa msomaji ambaye hajauona mchezo huo: timu ina watu kumi na mmoja uwanjani, mpira una umbo la yai, na wenye mpira wanapewa majaribio manne ya kusogea yadi 10. Wakifika wanapewa manne mengine, wakishindwa wapinzani wanauchukua. Anayeendesha mashambulizi anaitwa kwotabeki. Mpira unaanzia mikononi mwake, anawatazama wenzake wanaokimbia mbele, anaamua arushe au amkabidhi mtu akimbie nao. Kwenye timu nyingi yeye ndiye mwenye mshahara mkubwa kuliko wote, na sura yake ndiyo inayokaa kwenye matangazo.

Lakini yule mzee aliponiambia jambo hili nilikaa sawa kwenye kiti: mpira ukiwa kwa wapinzani, kwotabeki hayupo uwanjani kabisa. Kundi lote la washambuliaji linatoka, linaingia jingine ambalo kazi yake ni kuzuia tu. Fundi anakaa benchi anakunywa maji, anatazama kama sisi tunavyotazama. Kwenye mpira wetu mshambuliaji anaweza kurudi akakaba, beki akapanda akafunga, hesabu zikachanganyika. Kule unaona waziwazi nani kafanya nini. Ndiyo sababu naleta ushahidi kutoka huko.

Ile namba 52 ilikuwa ya Ray Lewis, mlinzi wa zamani wa Baltimore Ravens. Msimu wa mwaka 2000 timu yake ilicheza mechi tano mfululizo bila kupata hata tachidauni moja, yaani bila kufikisha mpira mwisho wa uwanja wa wapinzani. Mechi tano! Hapa kwetu kocha angekuwa ameshafungashiwa virago. Wao wakashinda mbili kati ya hizo tano kwa mikwaju ya mpigaji wao tu, kwa kuwa nyuma hapakupitika. Katika mechi 16 za msimu ule waliruhusu pointi 165, na hakuna timu iliyokuwa imeruhusu chache kiasi hicho tangu msimu uwe na mechi 16. Kwotabeki wao, Trent Dilfer, aliingia katikati ya msimu kuchukua nafasi ya mwenzake, na hakuna aliyemwita fundi. Januari 2001 walicheza fainali, Super Bowl, dhidi ya New York Giants wakashinda 34 kwa 7. Hata hizo pointi 7 za Giants zilitokana na mpira wa kuanza upya baada ya Ravens kufunga, mtu mmoja akaudaka akakimbia nao uwanja mzima. Safu ya ulinzi ya Ravens yenyewe haikuruhusu kitu usiku ule. Mchezaji bora wa fainali akawa mlinzi, Ray Lewis.

Mzee wa Baltimore alipofika hapo alinyamaza, akawa anazungusha kikombe chake. Mimi nikaenda jikoni nikamwambia Meku, umesikia?

Meku ni mtu wa vipaji. Kwake timu ni fundi wake, wengine wote ni wa kumsindikiza. Akanijibu kwamba nimempa mfano wa mwaka mmoja, na kwamba waajiri wenyewe waliujua ukweli, ndiyo maana Dilfer hakubakishwa Baltimore msimu uliofuata. Hilo ni kweli, waliachana naye akiwa ndiye kwotabeki aliyetoka kutwaa ubingwa. Lakini mimi naliona kwa upande mwingine. Timu iliyoweza kutwaa kombe na kwotabeki ambaye hata yenyewe haikuona haja ya kubaki naye, kombe hilo lililetwa na nani?

Tangu safari ile tukawa tunafuatilia. Wageni wa Marekani wanapenda sana kuulizwa habari za timu zao, na nimejifunza kuuliza swali moja: ulinzi wenu ukoje? Wengi wanaanza kunieleza habari za kwotabeki.

Mfano ambao Meku hajawahi kuujibu vizuri ni wa kwotabeki Peyton Manning, kwa sababu ni mtu yule yule katika timu ile ile. Msimu wa 2013, akiwa Denver Broncos, alirusha mipira 55 iliyozaa tachidauni, na timu yake ikapata pointi 606. Zote mbili zilikuwa rekodi za ligi. Ukisikia namba hizo unadhani kombe lilishaandikwa jina. Wakafika fainali Februari 2014, wakakutana na Seattle Seahawks, timu iliyojengwa kuanzia nyuma. Sekunde 12 tu tangu mchezo uanze Denver walikuwa wameshapoteza pointi za kwanza, na mwishoni ilikuwa 43 kwa 8. Miaka miwili baadaye Manning alikuwa na umri wa miaka 39, mwili umechoka, mkono hauna nguvu ya zamani. Msimu mzima alirusha tachidauni 9, na wapinzani wakamnasia mipira 17. Kwa namba hizo yule kwotabeki wa 2013 alikuwa hayupo tena. Lakini safari hii alikuwa na walinzi nyuma yake. Februari 2016 wakaifunga Carolina Panthers 24 kwa 10. Carolina ndiyo iliyokuwa na mchezaji bora wa ligi wa msimu huo, kwotabeki Cam Newton, kijana mwenye nguvu kama nyati. Von Miller wa Denver alimwangusha mara mbili na nusu, hiyo nusu ni ya kugawana na mwenzake, na mara mbili akamfanya adondoshe mpira. Mchezaji bora wa fainali, Von Miller, mlinzi.

Nimemuuliza Meku mara nyingi. Manning wa 606 na Manning wa mipira 17, yupi alikuwa na kipaji zaidi? Anajua jibu. Halafu namuuliza yupi alirudi nyumbani na kombe.

Sisemi kwamba kipaji si kitu. Sitaki kuandika uongo gazetini. Februari 2017 Tom Brady, kwotabeki wa New England Patriots, alikuwa nyuma kwa 28 kwa 3 mbele ya Atlanta Falcons, robo ya tatu, na akashinda 34 kwa 28 katika muda wa nyongeza. Nimeitazama mechi hiyo kwenye simu mara tatu na sina la kumwambia Meku kuhusu usiku ule. Mtu aliyechaguliwa wa 199 timu zilipokuwa zinachagua vijana wapya mwaka 2000 ameondoka na makombe saba. Lakini miaka miwili kabla ya usiku huo, fainali ya 2015, Brady alikuwa benchi wakati Seattle wako yadi moja tu kutoka mwisho wa uwanja, wanahitaji tachidauni wachukue kombe. Aliyeunasa mpira ule ni Malcolm Butler, mlinzi ambaye hakuna timu iliyomchagua alipotoka chuoni, mgeni wa mwaka wa kwanza. Matokeo 28 kwa 24. Brady alikuwa amesimama pembeni hana la kufanya. Katika yale makombe saba, hilo lipo, na kila anayeyahesabu anasema ni ya Brady.

Na tukija karibu, msimu wa 2024 Joe Burrow wa Cincinnati aliongoza ligi yote kwa yadi na kwa tachidauni za kurusha, na timu yake haikuingia hata kwenye hatua ya mtoano. Msimu huo huo fainali ilichezwa Februari 2025. Kwetu ilikuwa saa nane na nusu usiku, Jumatatu inaingia. Mimi na Meku tuliitazama kwenye simu yangu, tumekaa jikoni kwangu na chupa ya chai, watoto wamelala. Yeye alikuwa na Kansas City na Patrick Mahomes wake, ambaye mimi pia nakiri sijawahi kuona mkono kama ule. Philadelphia Eagles walimwangusha mara sita. Robo ya tatu ilikuwa 34 kwa 0. Mahomes alikuwa anageuka kushoto anakutana na mtu, anageuka kulia anakutana na mwingine. Ikaisha 40 kwa 22. Meku alinyanyuka akasema, "Mdogo wangu, leo hakupewa nafasi ya kuonyesha kipaji." Nikamwambia kwamba hiyo ndiyo hoja yangu tangu Karanga.

Sasa nirudi nyumbani, Mhariri, maana ndiko nilikokuwa nakuja.

Meku ni Yanga wa kufa. Mwaka 2023 timu yake ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, na mfungaji bora wa mashindano alikuwa wao, Fiston Mayele. Mechi ya kwanza Dar es Salaam, USM Alger wakatangulia. Mayele akasawazisha kipindi cha pili, uwanja ukalipuka, hapa Moshi nilisikia vuvuzela mpaka barabara ya Bonite. Kabla watu hawajakaa vitini Waarabu wakafunga la pili. Wiki iliyofuata Yanga ikaenda Algiers, ikacheza kwa nidhamu, ikashinda 1 kwa 0 ugenini, jambo ambalo ni timu chache sana zinaliweza. Jumla 2 kwa 2, na kombe likaenda kwao kwa mabao ya ugenini. Tumeimba jina la Mayele msimu mzima, na alistahili. Lakini lile kombe lilipotea katika zile dakika mbili tatu za Dar es Salaam ambazo kila mtu alikuwa anashangilia na hakuna aliyekuwa anahesabu watu nyuma. Mimi ni Simba, na ninaandika haya bila kumcheka mtu. Liliniuma kama la kwetu.

Na Taifa Stars. Mwaka 2019 kwenye AFCON kule Misri tulifungwa mechi zote tatu, 2 kwa 0 na Senegal, 3 kwa 2 na Kenya baada ya kuongoza mara mbili, 3 kwa 0 na Algeria. Mabao manane. Fainali zilizochezwa Ivory Coast Januari 2024 tukafungwa matatu na Morocco, lakini baada ya hapo tukawabana Zambia 1 kwa 1 na Congo 0 kwa 0. Agosti 2025 kwenye CHAN, hapa kwetu, tulimaliza kundi tukiongoza, mechi nne tukiwa tumeruhusu bao moja tu, mpaka Morocco walipotutoa robo fainali kwa bao moja. Halafu Morocco kwenyewe, mwisho wa 2025: tukafungwa na Nigeria 2 kwa 1, Uganda sare, Tunisia sare, na kwa mara ya kwanza katika historia yetu tukaingia hatua ya mtoano ya AFCON. Tena Morocco, tena bao moja, kwao, mbele ya watu wao. Kutoka mabao manane katika mechi tatu hadi kutolewa na wenyeji kwa bao moja. Hilo ni daraja zima tumepanda, na waliolijenga wako nyuma.

Meku anasema, tena anasema kweli, kwamba kwenye AFCON hatujawahi kushinda hata mechi moja, na sare haijawahi kumpa mtu kombe. Amenipata hapo. Timu isiyofunga haishindi. Ila nikiangalia vijiweni na redioni baada ya kila mashindano, wimbo ni mmoja, tutafute fundi, tutafute mfungaji, kijana mmoja atakayetuokoa. AFCON ya 2027 inakuja hapa, sisi na Kenya na Uganda, na uwanja mpya unajengwa Arusha, saa moja na nusu kutoka nilipo kama barabara ni nyeupe. Sijasikia mtu hata mmoja akisema tutafute beki wa kushoto.

Hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Kijana wangu wa pili ana miaka 12 na anachezea timu ya watoto ya mtaani. Mwezi uliopita alirudi nyumbani analia, hataki kula. Amepangwa beki wa kushoto, na wenzake wamemwambia nyuma ni pa wasiojua mpira. Tuliokua kwenye viwanja vya vumbi tunaijua hiyo: anayejua anakaa mbele, asiyejua anakuwa beki, na mnene anakaa golini. Nilimtafuta mwalimu wao, kijana mwenye moyo, anafundisha bila malipo. Akaniambia kwa nia njema kabisa: "Usijali mzee, tumemweka nyuma kwanza, akiiva tutampeleka mbele." Akiiva! Kana kwamba kule nyuma ni kitalu cha kuoteshea miche. Nilikosa la kumjibu siku ile. Namjibu leo kupitia kwako.

Beki naye huiva, tena taratibu kuliko mshambuliaji. Anajifunza kusimama upande gani wa mtu wake, lini atoke na lini abaki, namna ya kusikiliza kipa bila kugeuka, namna ya kukosea mara moja dakika ya tatu na kusahau hadi dakika ya tisini. Mshambuliaji akikosa mara nne akafunga ya tano anabebwa mabegani. Beki akiokoa tisa akakosea ya kumi anatukanwa mpaka mama yake. Kazi ya namna hiyo haiwezi kuwa ya asiyejua mpira.

Labda naliona hili kwa uchungu kwa sababu ya nilikotoka. Usiku wa kwenda kileleni wagumu wanabaki Barafu. Asubuhi, wakati mgeni na kiongozi wanapigwa picha pale Uhuru, mita 5,895, mgumu anang'oa mahema kwa vidole vilivyokufa ganzi, anabeba kilo ishirini, anawahi Mweka ili mgeni akifika akute kitanda na supu. Kisha getini mgeni anapewa cheti. Miaka sita niliyobeba sikuwahi kuwa kwenye picha hata moja, na wageni wangu wote walifika. Yule mzee wa Baltimore ndiye mgeni wa kwanza niliyemwona akiomba wagumu wote waitwe, mmoja mmoja, ataje kila jina na kupeana mikono. Watu kumi na wanne. Nilimuuliza kwa nini, akanigusa kwenye ile namba 52.

Ombi langu kwako ni dogo, Mhariri. Ukurasa wako wa michezo unaandika mfungaji, dakika aliyofunga, na pasi imetoka kwa nani. Mechi ikiisha bila timu kuruhusu bao, andikeni na majina ya mabeki wanne na kipa wao. Mstari mmoja unatosha. Mkiandika kwamba mshambuliaji fulani "hakuonekana uwanjani", tuambieni ni nani aliyemficha. Watoto wanasoma. Wangu anakata picha kutoka gazeti lako na kuzibandika juu ya kitanda, na ukutani pale hakuna beki hata mmoja.

Nimempa ile jezi ya zambarau. Ilikuwa inamfika magotini, mama yake ameipunguza kwa cherehani. Jumamosi hii saa kumi jioni wanacheza na watoto wa Njoro, na Meku ameniahidi atakuja, amesema atakaa upande wa beki wa kushoto.

Msomaji wako,
Kiongozi wa mlima,
Pasua, Moshi